Nasikiliza maumivu ya watu mchana, usiku silali. Je, niache kazi?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina mume na watoto wawili. Naomba jina langu lihifadhiwe, pamoja na jina la shirika lililoniajiri, kwa sababu wanaofanya kazi ya aina hii mkoani kwetu ni wachache na karibu wote tunajuana.

Kazi yangu ni kuwasindikiza watu waliotendewa uhalifu. Mwanamke akijeruhiwa na mumewe, mtoto akibakwa, au kijana wa bodaboda akinyang'anywa pikipiki usiku na kukatwa panga, mimi ndiye ninayekwenda naye kituoni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto au kwa mpelelezi, ninayemsubiri hospitalini hadi PF3 yake, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe, na ninayekaa naye kwenye benchi la mahakama siku shauri linapotajwa, siku linapoahirishwa na, tukijaliwa, siku linaposikilizwa. Nilisomea ustawi wa jamii na kazi hii niliiomba mwenyewe kwa moyo wangu wote.

Sasa nina hali ambayo siielewi. Usiku nalala saa chache tu, na nikilala naota mambo ambayo si yangu, yaani naota yale niliyosimuliwa. Mwanangu wa kiume akichelewa kurudi dukani natetemeka, na akirudi namgombeza hadi analia. Mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi huko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, anasema nimekuwa mtu wa kununa na kwamba kila mwanamume ninamtazama kama mshtakiwa. Simbishii, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Linalonitisha zaidi ni kwamba siku nyingine hali hugeuka kabisa: mtu anakaa mbele yangu analia, nami namtazama usoni huku nikiwaza kama nyumbani mkaa umebaki.

Simu yangu haizimwi. Wateja wanayo namba yangu, watendaji wa kata wanayo, askari wanayo. Picha za majeraha zinatumwa humohumo kwenye WhatsApp, na hivi karibuni mwanangu alikuwa akicheza na simu akaiona moja. Fedha za nauli za mashahidi zikichelewa ofisini, mimi ndiye ninayetuma kutoka mfukoni mwangu, na wakati mwingine natuma na ya unga, maana huwezi kumwambia mtu aje mahakamani wakati watoto wake hawajala. Nilipomweleza msimamizi wangu, alicheka kwa wema akaniambia, "Utazoea, sisi sote tulipita humo."

Shauri linalonimaliza kwa sasa ni la binti wa miaka 12 kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Mshtakiwa ni baba yake mdogo, ambaye yuko mahabusu. Baba wa mtoto alifariki, na mama anaishi na kulima kwenye ardhi ya wakwe zake. Bibi wa mtoto, ambaye ndiye aliyeambiwa kwanza, anajua Kigogo pekee, na kwa kuwa mimi ni Mgogo, kituoni mimi ndiye niliyekuwa mkalimani maelezo yake yalipochukuliwa. Tangu hapo nimekuwa nikimpigia binti simu mara kwa mara, anisimulie tena yaliyotokea, ili asije akasahau mbele ya hakimu. Shauri limepangwa kusikilizwa mwezi ujao, wakati ambao mvua zinatarajiwa na kila mtu atakuwa shambani. Wiki iliyopita mama alinipigia akilia. Wazee wa ukoo wamekaa, wamesema zitolewe ng'ombe, mambo yaishe nyumbani, na kwamba asipokubali atafute pa kulima. Ameniomba niende kwenye kikao hicho nikazungumze nao, kwa kuwa wananiheshimu.

Maswali yangu ni mawili. Nimfanyie nini mama huyu? Na je, niache kazi hii kabla haijaniharibu, au ni mimi tu niliye dhaifu kuliko wenzangu?

Msindikizaji, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari kila mahali ulipoandika "mimi ndiye". Wewe ndiye mkalimani wa polisi, wewe ndiye mfuko wa nauli, wewe ndiye simu ya dharura ya mkoa mzima, wewe ndiye mwalimu wa shahidi, na sasa unaombwa uwe msuluhishi wa ukoo. Swali la kuacha kazi nitalifikia, lakini nitangulize kusema kwamba huwezi kulijibu sawasawa leo, kwa sababu kazi unayotaka kuiacha siyo uliyoajiriwa kuifanya. Ni kazi za watu wengine wanne au watano zilizopandishwa juu ya yako, nyingine kwa kulazimika na nyingine kwa huruma yako mwenyewe.

Nianze na mama wa mtoto, maana lake lina tarehe.

Usiende kwenye kikao hicho. Usiende hata kama utaitwa kama mgeni wa heshima, hata kama utaambiwa ni kutuliza tu, kwa sababu siku utakapokaa kwenye mkeka ule, kila litakaloamuliwa litasemwa kuwa liliamuliwa mbele ya mtu wa shirika. Sheria zetu huiruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama vile shambulio la kawaida, lakini kubaka hakumo katika fungu hilo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, anayepatikana na hatia ya kubaka hufungwa kwa muda usiopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 kifungo huwa cha maisha. Shauri hilo limeandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Mama huyo ni shahidi, si mwenye kesi, na hana cha kuuza wala cha kusamehe, hata ng'ombe wakijaa zizi. Mweleze hivyo kwa upole na kwa Kigogo chenu, wala usidhani kwamba unamtisha, kwa sababu kwa kweli unampa pa kujificha: wakwe zake wakimbana ataweza kuwajibu, bila kusema uongo hata kidogo, kwamba uamuzi wa kuendelea au kutoendelea hauko mikononi mwake.

Hata hivyo, ukiishia kwenye sheria ya jinai utakuwa hujamsaidia. Mama huyu hasukumwi na kutompenda mwanawe. Anasukumwa na shamba. Mjane anayelima mtama na karanga kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu, ambaye mvua zinamkaribia na ameambiwa atafute pa kulima, ametishiwa chakula cha mwaka mzima, kwa kuwa Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua na ukikupita umepita. Hilo ndilo tatizo lake la kwanza, na lina watu wake wa kulishughulikia. Mpeleke kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu naye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watu hao, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni ya bure. Msaidizi huyo atamweleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka wazi kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na atajua jinsi ya kulifikisha suala hilo kwenye baraza la ardhi la kijiji kabla ya majembe kuingia shambani. Mara nyingi shahidi anayedhaniwa kuwa amegeuka ni mtu ambaye hakuna aliyemuuliza ataishi wapi kesi ikiisha.

Kuhusu vitisho vyenyewe, viandike: lini, nani alisema nini, kama mama alivyokueleza. Kisha mpelekee mpelelezi na mwendesha mashtaka, kupitia ofisini kwenu, ukitunza nakala. Nchi yetu ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na kumshurutisha shahidi wa Jamhuri si jambo la kifamilia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye aelezwe kwa maandishi kwamba mtoto anaishi katikati ya watu wanaotaka anyamaze, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiwekea mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Baada ya hapo, uamuzi wa wapi mtoto alale hadi siku ya shauri ni wa afisa huyo, wala usimpeleke nyumbani kwako Nkuhungu, jambo ambalo nahisi limekwisha kukupitia kichwani.

Hapa sasa nitakuwa mkali kidogo. Acha kumpigia binti huyo simu ili akusimulie. Najua unafanya hivyo kwa nia njema, na wengi wa kada yako hufanya hivyo kimyakimya, lakini unamwumiza mara mbili. Kwanza, kila anaporudia, anaishi tena kitu ambacho alipaswa kukisema mara chache iwezekanavyo kwa watu wachache iwezekanavyo. Pili, unamharibia ushahidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto wa umri huo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Akimaliza, wakili wa utetezi atasimama na kumwuliza, kwa sauti ya upole kabisa, nani amekuwa akizungumza naye kuhusu jambo hili na mara ngapi. Mtoto mkweli atajibu kwamba ni wewe, kila wiki, kwa simu. Huhitaji mimi nikueleze wakili atalifanyia nini jibu hilo kwenye hoja zake za mwisho.

Kuna maandalizi yanayoruhusiwa, tena yana thamani kubwa. Kabla ya siku yenyewe, omba umwonyeshe chumba cha mahakama kikiwa kitupu, ajue hakimu hukaa wapi, yeye atasimama wapi, na mshtakiwa atakuwa upande gani. Mweleze kwamba ushahidi wa makosa ya namna hii hutolewa faragha, kwa hiyo majirani hawatajaa kwenye mabenchi. Mwambie kwamba akisikia kiu aombe maji, asipoelewa swali aseme hakuelewa, na asilolikumbuka aseme halikumbuki, kwani hakuna atakayemkasirikia. Yaliyotokea usiyaguse kabisa. Akianza kukusimulia mwenyewe kwa sababu moyo umejaa, msikilize bila kumhoji wala kumsahihisha, kisha umwambie mwendesha mashtaka kwamba alizungumza.

Suala la ukalimani linafanana na hilo. Umekwisha kutafsiri maelezo ya bibi, na hilo halifutiki, kwa hiyo mwendesha mashtaka alijue mapema, kwa sababu upo uwezekano wa wewe mwenyewe kuitwa shahidi ikiwa tafsiri itabishaniwa. Kuanzia sasa ukataze mdomo wako. Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ni jambo jema, lakini kwa bibi wa Chamwino asiyejua ila Kigogo bado panahitajika mkalimani, na huyo hutafutwa na kuapishwa na mahakama. Mwendesha mashtaka akumbushwe mapema kuomba. Askari akikuambia, "Dada, si unajua Kigogo? Tusaidie tu," jibu lako liwe fupi na la heshima: wewe ni mtu wa mlalamikaji, na ukitafsiri utalitia jalada lao doa.

Fedha nazo zina mtego huohuo. Nauli uliyomtumia shahidi kutoka mfukoni mwako, pamoja na ile ya unga, imeandikwa kwenye simu yake na kwenye simu yako kwa tarehe na saa. Wewe unaiita huruma, na upande wa pili unaweza kuiita malipo ya shahidi. Gharama za mashahidi wa Jamhuri huulizwa kwa ofisi ya mashtaka, na nauli ya mteja wa shirika hutoka kwenye shirika, kwa saini na risiti. Shirika likikosa, shauri liahirishwe, na sababu ya kuahirishwa iandikwe, kwa sababu ofisi ambayo haijawahi kuona madhara ya kuchelewesha nauli haitaona sababu ya kuiwahisha. Naelewa kwamba utaumia kumwacha mtu kituo cha basi. Hata hivyo, mshahara wako umekuwa bajeti ya siri ya mwajiri wako, na mumeo amekuwa mfadhili bila kuulizwa.

Kwenye simu usinipinge. Omba laini na simu ya shirika, na kama hakuna, nunua laini ya bei ndogo uitumie kwa kazi tu, izimwe saa utakayokubaliana na ofisi na ishikwe kwa zamu na wenzako. Wateja wapewe pia namba 116, ambayo ni ya bure na imewekwa kwa ajili ya masuala ya watoto, ili usiku wa manane usiwe na wewe peke yako. Picha za majeraha zisipite WhatsApp kabisa. Daktari huandika majeraha kwenye PF3, na picha za ushahidi, kama zinahitajika, hupigwa na polisi na kukaa kwenye jalada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sidhani kama kundi la watu thelathini wanaotumiana picha ya mwanamke aliyevimba uso linaweza kujitetea mbele ya sheria hiyo. Zifute zilizopo kwenye simu yako baada ya kuhakikisha kwamba jalada lina za kwake. Zungumza pia na mwanao kuhusu ile aliyoiona. Mwambie kwamba mtu yule aliumizwa, kwamba wapo watu wanaomsaidia, na kwamba yeye mwenyewe yuko salama.

Nimekuondolea mengi, na pengine unajiuliza unabaki na nini. Unabaki na kazi yako. Mtoto akibakwa usiku huko vijijini, ni mtu kama wewe anayejua kwamba dawa za kinga ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, tena mapema zaidi ndiyo bora, na kwamba za kuzuia mimba zina muda usiozidi saa 120. Unajua kwamba nguo zisifuliwe na zihifadhiwe kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaozivundisha, na kwamba mtu huyo apelekwe moja kwa moja kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi hukutana mahali pamoja, ili asitembezwe ofisi hadi ofisi akieleza upya. Unabaki pia na kumwambia mteja kila mara jalada lake limefika wapi, jambo ambalo karibu hakuna mwingine hulifanya. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu haki kwa waathirika wa uhalifu lilitaka mambo ya namna hiyohiyo: watendewe kwa huruma na kwa kuheshimu utu wao, wapewe taarifa za shauri, wasaidiwe katika hatua zote. Halikumwahidi mtu yeyote kwamba mshtakiwa atafungwa. Kwa hiyo binti huyo akinyamaza kizimbani mwezi ujao, na shauri likaanguka, huzuni utakuwa nayo na ni haki yako, lakini lisiandikwe kwenye hesabu yako.

Nije kwenye usingizi. Wewe si dhaifu. Ndoto za mambo ya wengine, kushtuka kwa ajili ya watoto, hasira ya ghafla, na ule ubaridi uliokutisha ambapo mtu analia nawe unawaza mkaa, vyote hivyo vimeandikwa na wataalamu tangu miaka ya 1990, walipoanza kuchunguza kiwewe kinachomfikia msikilizaji na uchovu unaotokana na kuhurumia mfululizo. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 ulikubali kwamba anayekabiliwa tena na tena, kikazi, na undani wa kuchukiza wa yaliyowapata wengine anaweza kupata maradhi ya kiwewe, na ukatoa mfano wa askari wanaosikiliza kesi za watoto walionyanyaswa. Ule ubaridi si ukatili. Ni akili kujifungia mlango ili isizame, na dalili kwamba umekwisha kupita kiwango.

Ikiwa kukosa usingizi na ndoto hizo vimeendelea kwa zaidi ya mwezi, onana na daktari wa afya ya akili. Najua jina litakalokujia, maana sisi watu wa Dodoma tumelifanya jina la Mirembe kuwa tusi la kutupiana sokoni, wakati ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo tangu mwaka 1927 na wataalamu wake wanafuatwa kutoka mikoa yote. Nenda, na ukiona haya ya kukutana na unaowajua, huduma hizo zipo pia kwenye hospitali nyingine kubwa za mjini. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na mumeo akusindikize.

Mumeo hahitaji kusimuliwa siri za wateja ili akuelewe. Anahitaji kuambiwa hivi: "Leo nimesikia jambo zito, silifungui, nipe nusu saa nikiwa peke yangu kisha nitakuja tule." Mwanamume aliyeshinda juani Mtumba anaelewa vizuri kabisa mtu kuhitaji kupumua kabla ya kuongea.

Kuhusu msimamizi wako, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno lake la "utazoea" huenda limetoka kwa mtu aliyezoea kweli, yaani aliyekwisha kupoa kama unavyoogopa kupoa wewe. Usimwendee tena kwa mazungumzo ya mlangoni. Andika barua ya ukurasa mmoja uombe mambo ambayo yanaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana: kikao cha usimamizi elekezi kila mwezi na mtaalamu wa ushauri nasaha asiyekuwa bosi wako, ambako utazungumzia mashauri na hali yako bila kuhofia tathmini ya kazi, ukomo wa idadi ya mashauri ya watoto kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, mtu wa pili kwenye safari za vijijini, zamu ya simu. Taja kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi, na kwamba kwa kazi yenu hatari haiko kwenye mashine. Kwa mashirika yanayoishi kwa fedha za wafadhili, ombi lililoandikwa vizuri huweza kuingizwa kwenye bajeti ya mradi ujao, ilhali manung'uniko ya korido hayana mstari kwenye bajeti.

Chukua likizo yako pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 zenye malipo kwa mwaka, na daktari akikuandikia mapumziko, likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Panga likizo ianze baada ya binti kutoa ushahidi, isipokuwa daktari akuambie usisubiri, na akisema hivyo umtii.

Kisha ndipo uamue. Ukirudi kutoka likizo, ukiwa umerudisha kazi za wengine kwa wenyewe na barua yako imejibiwa, ukaona usingizi umerejea, baki, kwa sababu mtu mwenye lugha ya watu, elimu na moyo kwa pamoja hapatikani kirahisi. Barua ikipuuzwa na hali ikawa ileile, ondoka bila aibu yoyote. Halmashauri na hospitali zinahitaji maafisa ustawi, na hakuna anayelazimika kuwasikiliza waliobakwa maisha yake yote ili ahesabiwe kuwa na huruma. Ila kama shauri hili litakuwa bado halijaisha, mtambulishe mwenzako kwa mama na binti ana kwa ana kabla ya siku yako ya mwisho, mkae wote pamoja, na mwenzako awe amesoma jalada lote, ili mtoto asilazimike kuanza upya na mgeni.